Maisha ya Alexander Fleming, Mvumbuzi wa Penisilini

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, wenzangu walidhani nitachagua mfalme au mpigania uhuru. Mimi nimemchagua daktari mmoja wa Uskoti, mtu mfupi, mnyamavu, asiyependa hotuba. Sababu yangu ni kidonda cha mdogo wangu. Nitakieleza kwanza, kwa kuwa bila kidonda hicho nisingalisoma habari za Bwana Fleming hata kidogo.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, mwendo mfupi kutoka mpakani. Watu huvuka huku na huku mchana kutwa, na maduka ya dawa ni mengi pande zote mbili. Huko vidonge vya rangi mbili huweza kununuliwa kimoja kimoja kama peremende. Katika likizo ya Desemba mdogo wangu alijikata mguuni kwa panga alipokuwa akikata miwa, na kidonda kikafanya usaha. Mama akanipa fedha ninunue dawa ya siku saba. Nakiri mbele yenu kwamba nilinunua ya siku mbili tu, na fedha iliyobaki nikaiweka kwa ajili ya viatu vya kuchezea kandanda. Mwuzaji hakuniuliza neno. Nyanya yetu naye akatwanga majani anayoyajua, akayabandika juu ya kidonda.

Siku ya tatu uvimbe ukapungua, nami nikajiona mwerevu. Siku ya tisa mguu ukavimba mpaka gotini. Mdogo wangu akapelekwa hospitali, akalala huko majuma matatu. Daktari alieleza kwamba ile dawa ya kwanza haikuwa na nguvu tena juu ya vijidudu vya kidonda kile, ikabidi apewe nyingine ya sindano, iliyo ghali zaidi. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini shule ilifunguliwa yeye angali kitandani.

Niliporudi hapa shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia jinsi dawa iliyofanya kazi siku ya tatu inavyoweza kushindwa siku ya tisa. Hakunijibu. Alinipa kitabu cha maisha ya Fleming, akaniambia nikisome chote kabla ya kumwuliza tena. Haya ndiyo niliyoyapata humo na katika vitabu vingine alivyonipa baadaye.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima na mfugaji wa kondoo, naye alioa mke wa pili akiwa mzee. Alexander alikuwa na umri wa miaka saba tu baba yake alipofariki. Alipokua kidogo alikwenda shule ya Darvel kwa miguu, kiasi cha maili nne kwenda na maili nne kurudi, katika baridi na mvua. Wengi wetu tunaotoka vijijini tunaijua safari ya namna hiyo, ila sisi hatuijui theluji.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alikwenda London kukaa na ndugu zake. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli kwa miaka minne, kazi asiyoipenda. Hapo mjomba wake akafariki na kumwachia urithi wa pauni 250. Kijana mwingine angaliweza kuzitumia kwa anasa. Yeye alifuata shauri la kaka yake aliyekuwa daktari, akaingia chuo cha uganga cha hospitali ya St Mary's mwaka 1901. London ilikuwa na vyuo vya uganga kadha wa kadha, naye alikichagua hicho kwa sababu aliwahi kucheza dhidi ya timu yao ya mchezo wa mpira wa majini. Tena baada ya kufaulu mwaka 1906 alibaki pale kwa sababu alikuwa hodari wa kulenga shabaha kwa bunduki, na kiongozi wa kikundi cha walenga shabaha hakutaka kumpoteza. Alimtafutia kazi katika idara ya Sir Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Hivyo michezo miwili ndiyo iliyomfikisha katika chumba alichofanyia kazi karibu maisha yake yote.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Fleming alikwenda Boulogne, Ufaransa, kuwatibu askari. Mwaka uliofuata alimwoa muuguzi mmoja aliyezaliwa Ireland, Sarah McElroy. Huko Ufaransa ndiko alikojifunza jambo lililomwongoza baadaye. Madaktari waliosha vidonda vya askari kwa dawa kali kama asidi ya kaboliki. Katika chupa dawa hizo ziliua vijidudu upesi. Katika vidonda askari waliendelea kuoza na kufa. Fleming akachukua neli ya kioo, akaiyeyusha kwa moto na kuvuta kuta zake zikawa na pembe na mashimo membamba, mfano wa kidonda kilichochanwa na chuma cha mzinga. Akajaza vijidudu, akaosha kwa dawa kali, kisha akatia chakula cha vijidudu. Vikaota tena, kwa maana dawa haikufika katika mashimo yale. Zaidi ya hayo aliona kwamba dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Basi alijua tangu hapo kwamba chupa si kidonda. Ndugu msomaji, liweke neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Baada ya vita akarudi maabara. Mwaka 1921 alikuwa na mafua, akatia kamasi yake kidogo katika sahani ya vijidudu. Vile vilivyokuwa karibu na kamasi vikayeyuka. Akatafuta kitu hicho, akakikuta katika machozi, katika mate, na katika ute mweupe wa yai. Kikaitwa lisozimu, nacho ni kimeng'enya. Kwa wale wasiosoma bayolojia, kimeng'enya ni kitu kinachotengenezwa na chembe hai ili kufanya kazi moja maalumu. Katika mate yetu kimo kimoja kinachogeuza wanga kuwa sukari, na ndiyo sababu ugali ukitafunwa sana huwa mtamu. Lisozimu hakikuweza kuua vijidudu vya magonjwa makubwa, lakini kilimfundisha Fleming kutazama kwa makini kila sahani kabla ya kuitupa.

Hata ikafika Septemba 1928. Alikuwa amerudi kutoka likizo, akawa anakagua sahani za zamani zilizoota vijidudu viitwavyo stafilokoki, ambavyo ni vya majipu na usaha. Sahani moja ilikuwa imeingiwa na ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliolala. Kuuzunguka ukungu huo vijidudu vilikuwa vimekufa na kuyeyuka. Mwingine angaliosha sahani. Fleming aliuotesha ukungu peke yake katika mchuzi, akakuta kwamba maji ya mchuzi ule, hata yakizimuliwa mara 800, huzuia stafilokoki kuota. Tena hayakuzidhuru chembe nyeupe za damu. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu Boulogne. Akakiita kitu hicho penisilini, akatangaza habari zake katika jarida la kitaalamu mwaka 1929.

Lakini hakuweza kuitoa penisilini safi, kwa kuwa iliharibika upesi mikononi mwake, naye hakuwa mkemia. Miaka kumi ikapita. Kisha watu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaishika kazi: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, aliyekimbia Ujerumani kwa sababu ya mateso ya Wayahudi, pamoja na Norman Heatley na wenzao. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane vijidudu vya kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Asubuhi yake wasiopewa walikuwa wamekufa, na waliopewa walikuwa hai. Haki itendeke: Fleming aliiona penisilini, lakini watu wa Oxford ndio walioifanya iwe dawa.

Mapema mwaka 1941 walimpa dawa hiyo polisi mmoja, Albert Alexander, aliyeoza uso na jicho kwa stafilokoki na vijidudu vingine. Katika siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini penisilini yote ya Oxford ilikuwa ndogo kuliko haja ya mtu mmoja. Waliikusanya hata kutoka katika mkojo wake, wakaisafisha na kumrudishia. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi wa Machi. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Wale walishindwa kumaliza dawa kwa sababu haikuwako duniani. Mimi ilikuwako dukani, na fedha nilikuwa nayo mfukoni.

Sasa nakuja kwenye jibu la swali langu. Penisilini ilikuwa haijaingia hospitalini, na tayari mwezi wa Desemba 1940 Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wametangaza kwamba wamekuta, ndani ya vijidudu fulani, kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Wakakiita penisilinesi. Baadaye, katika miaka ya 1950, Martin Pollock huko London alionyesha jambo la ajabu zaidi. Vijidudu vingine vyenye uwezo huo havikitengenezi kimeng'enya hicho kwa wingi siku zote. Hukitengeneza kwa wingi pale vinapoionja dawa. Mama wa nyumbani hapiki sufuria kubwa kila siku. Huipika wageni wakibisha hodi. Vivyo hivyo katika utando wa nje wa kijidudu mna kitu kama sikio. Penisilini ikibisha hodi, sikio husikia na kupeleka habari ndani, na kazi ya kutengeneza kimeng'enya huanza. Dawa ikiwa ya kutosha, vijidudu vingi hufa kabla ya kujitayarisha. Ikiwa kidogo, au ikikatizwa, vilivyo dhaifu hufa na vilivyo na silaha hubaki, huzaana, na kuwarithisha watoto wao. Uvimbe hupungua siku ya tatu kwa sababu walio wengi wamekufa. Siku ya tisa waliobaki wamekuwa taifa.

Fleming aliliona jambo hili mapema kuliko wengi. Alikwisha pewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1944, na tarehe 11 Desemba 1945, huko Stockholm, Uswidi, alitoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, aliyopewa pamoja na Florey na Chain. Mtu mwingine angalijisifu. Yeye alimaliza kwa onyo. Alieleza kwamba si vigumu kuvizoeza vijidudu kuistahimili penisilini ndani ya maabara kwa kuvipa kiasi kisichotosha kuviua, na kwamba jambo hilo linaweza kutokea ndani ya mwili wa mtu. Akatoa mfano wa mtu anayejinunulia dawa kwa ajili ya koo, akatumia kidogo, akavifundisha vijidudu, kisha akamwambukiza mkewe, na mke akafa kwa sababu dawa haifanyi kazi tena. Nilipousoma mfano huo niliona kana kwamba aliliona duka la Busia nami nimesimama mlangoni.

Onyo hilo halikukawia kutimia. Hapo London, Mary Barber alikuwa akipima stafilokoki za wagonjwa wa hospitali moja, na kufikia mwaka 1948 zaidi ya nusu zilikuwa hazisikii penisilini. Methisilini, dawa isiyovunjwa na kimeng'enya kile, ilipatikana mwaka 1959. Mwaka 1961 kukatangazwa vijidudu vinavyoishinda hiyo pia. Hivi vina kimeng'enya cha namna nyingine cha kujengea ukuta wao, ambacho dawa haikishiki vizuri, na mara nyingi hicho nacho huongezeka dawa inapobisha hodi.

Hapa mtaniuliza habari za majani ya nyanya. Mimi mwenyewe nilimwuliza mwalimu, kwa kuwa nyumbani wengine walisema majani ndiyo yaliyoharibu mguu, na nyanya alihuzunika sana. Nimekuta kwamba wataalamu hawayacheki majani. Mwaka 1999 watafiti wa New Zealand walitangaza kwamba totaroli, kitu kilichomo katika mti uitwao totara, huirudishia methisilini nguvu yake juu ya stafilokoki sugu, na kwamba yaelekea hupunguza utengenezaji wa kile kimeng'enya cha ukuta. Ndugu za mti huo, ambao maseremala wetu huuita podo, huota katika mlima Elgon, ambao siku isiyo na mawingu huonekana kutoka Tororo. Na mwaka 2002 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba kitu kimoja cha majani mabichi ya chai huizuia penisilinesi isifanye kazi, hata penisilini ikaweza tena kuua vijidudu vilivyokuwa vikiivunja. Chai hiyo ni mmea ule ule tuuonao Kericho na Nandi.

Basi mmea unaweza kusaidia kwa njia mbili: kukifunga kimeng'enya kilichokwisha tengenezwa, au kupunguza utengenezaji wake. Lakini kumbukeni neno la Boulogne, kwamba chupa si kidonda. Kiasi cha kitu hicho kinachoingia katika damu ya mnywaji wa chai ni kidogo sana kuliko kile kilichotumika katika chupa. Tena msaidizi aweza kuwa mchochezi. Iko asidi ya klavulaniki, itokayo kwa vijidudu vya udongoni, ambayo tangu mwaka 1981 imeuzwa pamoja na amoksisilini ili kuzuia vimeng'enya kama penisilinesi. Inafanya kazi vizuri, na maelfu wamepona. Hata hivyo katika vijidudu vya aina nyingine asidi hiyo hiyo huviamsha vitengeneze kimeng'enya cha namna nyingine kisichozuilika nayo. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa kukisia tu kwamba jani fulani likichanganywa na kidonge fulani litasaidia au litadhuru. Ni lazima lipimwe, kwanza katika chupa, kisha mbali zaidi ya chupa, kama alivyopima Fleming.

Tunao mfano karibu na nyumbani. Alupe, nje kidogo ya Busia, palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma, na baadaye pakawa na kituo cha utafiti cha KEMRI. Duniani kote ukoma ulitibiwa miaka mingi kwa dapsoni peke yake, mpaka vijidudu vyake vikaizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa kadhaa zitumike pamoja, nazo zimalizwe. Wagonjwa mamilioni wamepona kwa njia hiyo. Kuchanganya si kosa. Kosa ni kuchanganya bila kujua, na kuacha katikati.

Nirudi kwa Bwana Fleming. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa Ugiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 73, na majivu yake yakazikwa katika kanisa kuu la St Paul's, walikozikwa mashujaa wa taifa lake. Mtoto wa mfugaji wa kondoo alilala karibu na majemadari.

Mimi nimejifunza kwake mambo mawili. La kwanza ni kutazama kabla ya kutupa. La pili ni kwamba aliyevumbua dawa ndiye aliyekuwa wa mbele kusema jinsi itakavyoharibika, ingawa sifa zake zote zilitokana na dawa hiyo. Hilo la pili lilinisumbua usiku mwingi, kwa maana yeye alisema kweli mbele ya ulimwengu, nami nilikuwa nimemficha mama yangu.

Katika likizo ya Aprili nilimweleza mama yote, mdogo wangu akiwapo. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniagiza nimpe mdogo wangu vile viatu. Havimtoshi bado, na mguu wake ungali na kovu refu, lakini huvivaa na soksi mbili. Nyanya nilimwambia kwamba hakuna ajuaye kama majani yake yalidhuru au yalisaidia, na kwamba nikifaulu kuingia Chuo Kikuu nitayapima. Alinionyesha mti wenyewe siku ile ile, nyuma ya nyumba, nami nimekwisha kausha majani machache katikati ya kurasa za daftari langu la kemia.